Upande wa Kushoto wa Ng'ombe

Kila mwaka nafika kwenye somo la ulinganifu, na kila mwaka linanichefua. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Goma. Naingia darasani na jani la mparachichi, nalikunja kwenye mshipa wake wa katikati, na wanafunzi wanaona nusu moja imeifunika nyingine bila kuzidi. Baada ya jani nawachorea kipepeo. Hakosekani mmoja wa kuinua mkono na kusema kwamba basi kila chenye uhai kina pande mbili sawa, na anangoja nimsifu. Simsifu. Namwambia akae, na sauti inanitoka kali kuliko anavyostahili.

Nikiwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi huyo alikuwa mimi. Mwalimu wetu wa wakati ule alidondosha tone la wino kwenye karatasi, akaikunja, akaisugua kwa kiganja, akaikunjua. Doa moja likawa mawili yanayotazamana. Nilirudi nyumbani nimelewa. Nilimkagua mama uso, nikamkagua mbuzi wa jirani, nikamkagua papa, baba yangu, akiwa amelala, nikaona kweli Mungu alikunja karatasi. Watoto wenye akili wana ujinga wao wa pekee, na huo ndio uliokuwa wangu.

Papa alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi aliyekwama mjini. Vita vilitushusha sisi watu, lakini ng'ombe wake sita alikuwa amewaacha kilimani kwa mchungaji wa ukoo wetu, na kila baada ya wiki mbili alipanda kwenda kuwaona. Mjini alikuwa mtu wa kukaa mlangoni na kujibu kwa kichwa. Kule juu alikuwa na maneno. Alijua mabaka ya ng'ombe kama wengine wanavyojua nyuso za watoto wao. Aliniambia kwamba hata ndama mapacha hawagawani madoa, na kwamba ndama hasomi ngozi ya mama yake. Alinifundisha pia kitu kuhusu mikia: mnyama wa madoa mwilini, kama kanu, anaweza kuwa na pete mkiani, lakini mwenye mistari mwilini hutamwona na mkia wa madoa. Miaka mingi baadaye nilikikuta kitu hichohicho kwenye kitabu cha hesabu, kimeandikwa kwa alama za kutisha. Nilimkimbilia kumweleza. Aliuliza kama mwandishi ana ng'ombe.

Wakati huo waasi walikuwa wanatawala mji na sehemu kubwa ya jimbo, na kila kilima kilikuwa na bunduki zake. Makundi ya ng'ombe yalifukuzwa usiku, yakachanganywa, yakauzwa. Aliyekwenda kudai wake aliulizwa ushahidi, na ushahidi wake ulikuwa macho yake tu. Papa aliwaza jambo hilo kwa muda mrefu. Kisha akasema macho yanakufa na mwenyewe, heri karatasi. Kwa kuwa nilijua kuchora, likizo ilipofika alinipandisha Masisi na daftari jipya.

Watano walikuwa wa hudhurungi tupu, nikaandika tu umbo la pembe zao. Kazi ilikuwa kwa yule wa sita, jike la madoa meusi juu ya nyeupe, rangi ambayo wafugaji wetu wanaiita bugondo. Papa alitaka nimchore upande wa kulia kwenye ukurasa mmoja na wa kushoto kwenye ukurasa wa pili. Aliniweka kwenye kigoda upande wa kulia, upande aliozoea kukamulia kama baba yake, akaenda kuzungumza na mchungaji.

Nilichora vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Doa kama haragwe begani, matatu yaliyofuatana kiunoni, moja kubwa tumboni lenye ghuba kama ramani ya ziwa. Nilipomaliza mvua ikaanza, ile mvua ya Masisi yenye baridi ya kuuma masikio. Upande wa kushoto wa ng'ombe ulikuwa kwenye mteremko wa matope. Nilitazama matope, nikatazama daftari, nikakumbuka tone la wino.

Nikaingia kwenye kibanda cha maziwa. Nilikoleza penseli kwenye kila doa, nikafunga daftari, nikasugua mgongo wa ukurasa kwa kijiko. Nilipofungua, upande wa kushoto ulikuwa pale, hafifu, kamili, unautazama wa kulia. Nikapita juu ya mistari ili ikolee. Wala sikuhisi kwamba nadanganya. Niliona nimemshinda papa aliyedhani lazima mtu azunguke.

Mvua ilipokatika nilimpelekea. Nilimwambia aone jinsi pande zote mbili zinavyofanana kabisa, kama mwalimu alivyotufundisha, na nadhani niliruka kidogo niliposema hivyo. Alitazama kurasa zile kwa muda. Akanitazama mimi. Akasema nimechora vizuri, akalitia daftari kwenye mfuko wa plastiki, tukashuka Goma.

Miezi mitano baadaye watu wenye silaha walifukuza ng'ombe wote sita. Mchungaji alifika mjini kwa miguu na jeraha kichwani, akakaa mlangoni petu bila kuomba hata maji. Papa hakulia. Alimuuliza tu wamepita njia gani.

Hatujamaliza kuzoea habari hiyo, mlima ukapasuka. Lava ilishuka ikapita katikati ya mji kuelekea ziwani, ikala nyumba yetu ya mbao na mtaa mzima. Tulivuka mpaka pamoja na mji wote, mama akiwa na mdogo wangu mgongoni na mfuko wa karatasi mkononi: vyeti vya ubatizo, ndoa, na daftari langu. Tuliporudi tulitembea juu ya mawe ambayo bado yalichoma nyayo. Tukapewa shiti la plastiki tukajenga kibanda juu ya jiwe tupu, mahali ambapo huwezi hata kuchimba choo. Mdogo wangu akaanza kukohoa na hakuacha.

Kisha mtu akaja na habari kwamba bugondo ameonekana. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemshusha mjini kwa ajili ya kuchinjwa. Papa alikwenda kumtazama kwa mbali, na aliporudi alikuwa anatembea kama mtu mwingine. Ng'ombe alikuwa na mimba kubwa. Usiku huo papa alizungumza kuliko miezi yote iliyotangulia: maziwa ya mtoto, ndama, mjomba wa mama huko Rutshuru aliyekuwa tayari kutupa kiwanja cha malisho. Tungetoka kwenye jiwe. Ng'ombe mmoja mwenye mimba, kwa mfugaji, ni boma linaloanza. Sisi hatukuwa na kitu kingine cha kuanza nacho, na wote pale kibandani tulijua hivyo, hata mdogo wangu.

Shauri lilisikilizwa asubuhi, uani kwa kamanda mmoja aliyeshughulika na kesi za mifugo, katika upande wa mji ambao lava haikufika. Ng'ombe alifungwa kwenye mti. Papa alipoita kwa ule mlio wa ulimi aliowaitia wote, aligeuza kichwa. Kamanda akasema ng'ombe wote wanageuza kichwa, na ng'ombe si shahidi. Yule mfanyabiashara alikuwa na karatasi ya kununulia yenye muhuri. Sina hakika kwamba alikuwa mwizi. Nadhani alinunua kama watu walivyonunua wakati ule, bila kuuliza maswali.

Papa akatoa daftari. Alilifungua kwenye upande wa kulia, akalishika wazi kwa mikono miwili. Kamanda alisimama akaenda nalo hadi kwa ng'ombe, papa akiwa naye bega kwa bega, na doa kwa doa wakalinganisha: haragwe, matatu ya kiunoni, ramani ya ziwa. Watu walianza kunong'ona. Mfanyabiashara alijifuta shingo. Mimi nilisimama nyuma na moyo ukinipiga kwa fahari, kwa sababu penseli yangu ilikuwa inaturudishia ng'ombe. Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa.

Kamanda akataka kulinganisha na ukurasa wa pili. Papa akaweka kiganja juu yake.

"Toa mukono, muzee," kamanda akasema, bila ukali.

Wakamgeuza ng'ombe. Upande wa kushoto ulikuwa karibu mweupe wote. Kulikuwa na baka moja tu, refu, kutoka shingoni hadi nyuma ya mguu, kama maji yaliyomwagika. Hapakuwa na haragwe, wala matatu, wala ziwa. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutazama kwa makini.

Kamanda aliangalia daftari, kaye kama tunavyoiita mjini, akaangalia ng'ombe, akaangalia tena.

"Muzee, ngombe ya hii kaye iko na pande mbili sawa. Hii haiko ile. Ulichungulia huu upande moja jana kwa lupango, kwa ua alikofungiwa, ukachora. Wa pili ukabuni."

Ilikuwa hoja nzuri. Mimi mwenyewe ningeikubali. Papa alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Ningeweza kusema. Ilihitaji sentensi moja: ni mimi niliyekunja karatasi, kulikuwa na mvua. Labda kamanda angecheka, labda angenipiga kofi, labda angeamini. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba lazima niseme, na ulimi haukutoka. Papa naye hakusema kwamba mtoto alikosea. Alisimama pale akaitwa mwongo mbele ya watu waliojua baba yake, akapokea daftari, akashukuru. Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Wangemwona papa siku ile akishuka barabara ile, wangetafuta neno jingine.

Kwa wiki nzima nilikuwa napita machinjioni kabla ya shule, sijui nikitafuta nini. Ngozi kwetu huliwa. Wanawake walikuwa wanaziunguza manyoya juu ya moto wa matairi, na zikitoka motoni zote zina rangi moja.

Mdogo wangu alikufa kabla ya mvua kubwa. Pengine maziwa yasingemwokoa. Watu wazima waliniambia hivyo bila mimi kuuliza, wakidhani wananiliwaza kwa jambo lingine. Papa akawa mvunja mawe; lava yenyewe ikamwajiri, kama alivyopenda kusema. Alivunja mawe ya watu wanaojenga mtaa wa Himbi hadi mgongo ukagoma. Masisi hakurudi kuishi tena. Waasi wale walikwenda, wakaja wengine wenye jina jipya, wakaenda, wakarudi. Mlima nao ulirudi. Mimi nikasoma hesabu, na huko ndiko nilikojifunza rasmi kile ambacho ng'ombe yule alinionyesha bure: kwamba mifupa hufuata mstari wa katikati, lakini rangi ya ngozi husafiri kwa hesabu nyingine kabisa kabla mnyama hajazaliwa, na bahati nasibu imo ndani ya hesabu hiyo. Kulia hakujui kushoto kunafanya nini. Nilipata alama za juu kwenye somo hilo.

Mji ulipochukuliwa tena mara hii ya mwisho, papa alikuwa amelala chumbani kwangu, mwepesi, anapumua kwa shida. Barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa, na alijua kwamba hata mwili wake hautapanda kilimani. Mchana mmoja, risasi zilipokuwa zimenyamaza, nilikaa kando ya kitanda nikamwambia. Nilimwambia yote: mvua, matope, kijiko. Nilimwambia kwamba pale uani nilinyamaza kwa woga. Miaka yote hiyo niliamini kwamba yeye aligundua kosa siku ileile ya shauri, kama mimi.

Alinisikiliza macho yakiwa kwenye dari.

"Nilikuwa najua, mama," akasema. Baba wengi wa kwetu huwaita binti zao hivyo. "Tangu siku ile kule Masisi ulinionyesha kaye. Ngombe yangu, nitakosa kuijua? Ulikuwa na furaha mingi. Nikasema, acha tu, nani ataulizaka ya kushoto?"

Akafumba macho, akasema amechoka, nisogeze blanketi. Nikalisogeza. Alikufa siku ya tatu, tukamzika kwenye kiwanja ambacho kaburi lake lilichimbwa kwa nyundo na patasi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimeingoja tangu utoto, na nilidhani nikiipokea nitapumzika. Badala yake alinipa hesabu ambayo siwezi kuiacha, naifanya hata nikiwa ubaoni. Bugondo alibaki kilimani miezi mitano baada ya mimi kumchora. Katika miezi hiyo papa alipanda huko mara kumi, na mara mbili au tatu nilikuwa naye. Angeweza siku yoyote kuniambia nizunguke upande wa pili. Ilikuwa kazi ya nusu saa.