Pembe, Mshambuliaji wa Wapiga Pasi

Ligi ilikuwa na klabu nane, makocha wanane wenye visirani, na waamuzi wasioaminika, na yote hayo yalienea juu ya meza moja ya kukatia nguo. Mwenye ligi alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Rais, na asikudanganye mtu, jina hilo alilipenda. Ukimwita "fundi" aligeuka. Ukimwita "Rais" aligeuka huku anatabasamu.

Siku za kazi meza ilikuwa ya suruali na magauni. Jumapili mchana, duka likishafungwa, Rais alitandaza kitambaa cha kijani, akachora mistari kwa chaki ileile ya kuchorea mapindo, akasimamisha magoli ya waya wa hanga, na soka la kulipwa likaanza. Wachezaji walikuwa vifungo. Makipa walikuwa vile vipana vya makoti ya baridi. Mabeki walikuwa vya chuma, vya jinzi, wasiojua utani. Mawinga walikuwa vya mashati, vyepesi, ukipiga chafya tu wameshafika kwenye kona. Kila mchezaji alikuwa na karata yake, imekatwa kwenye boksi la mashati na kuandikwa jina, klabu na uwezo. Dadu ya kwanza husema mpira umemfikia nani, ya pili husema ameufanyia nini. Mshambuliaji wa kawaida hufunga kwa sita tu. Tano ni mwamba wa goli, nne ni nje, na chini ya hapo tumsitiri mtoto wa watu.

Rais alitangaza mechi mwenyewe kwa sauti ya redio, pini zikiwa mdomoni. Alifukuza makocha. Aliwafungia watovu wa nidhamu. Kifungo kikipata ufa alitangaza kwamba mchezaji amevunjika mguu, akakitia gundi na kukipumzisha mpaka daktari, yaani yeye, aridhike. Na hakupendelea mtu. Klabu aliyoipenda kwa moyo wake wote, Wapiga Pasi, haikuwa imechukua ubingwa hata mara moja, ingawa dadu zote alirusha yeye.

"Si uwape tu?" mkewe alimwuliza siku moja. "Nani atajua?"

Rais alimtazama kana kwamba amemwambia wapunguze kitambaa cha mteja.

Ligi hiyo ilianzia kitandani. Rais na kaka yake walikuwa wadogo, wameshikwa na surua, wamefungiwa chumba kimoja wakikunana migongo na kugombana. Baba yao, naye fundi, alichoka na kelele zao, akawaletea kopo la vifungo. Juu kabisa aliweka vifungo vya pembe ya ng'ombe, vya kahawia, vizito, vinavyong'aa. Hivyo alikuwa amevinunua kwa ajili ya koti lake mwenyewe, koti ambalo angejishonea siku kazi za watu zikiisha. Kazi za watu haziishi, kila fundi anajua. Basi watoto wakavitandaza kwenye blanketi wakacheza, na kila baba yao alipopita mlangoni aliwatazama wale vifungo wamelala chali mchana kutwa, akauliza, "Na hawa watu wenu, watapata kazi lini?"

Vifungo vya pembe vilipotea kimoja kimoja, kama vifungo vinavyopotea. Kilibaki kimoja. Huyo ndiye Pembe, namba tisa wa Wapiga Pasi, mchezaji pekee katika ligi nzima anayefunga kwa sita na kwa tano pia. Kaka mtu alikuwa na klabu yake, Radi, mabingwa wa kuchosha, na tangu aondoke kwenda nchi ya mbali kuendesha malori alikuwa akipiga simu kila Jumapili kusikiliza mechi. Si simu ya picha, la. Alikuwa anaegesha lori pembeni, anasikiliza sauti ya dadu ikidunda mezani na maneno ya mdogo wake, na lolote aliloambiwa aliliamini.

Msimu huu mambo yalifika pabaya, au pazuri, kutegemea uko upande gani. Mechi ya mwisho: Wapiga Pasi na Radi. Radi walihitaji sare tu. Wapiga Pasi wakishinda, ubingwa wao wa kwanza. Wiki nzima Rais alipima watu viuno huku anawaza kikosi.

Jumamosi asubuhi alimtoa Pembe kwenye kopo, akampaka tone la mafuta ya cherehani, akamsugua kwa kipande cha flaneli mpaka akang'aa. Mara mlangoni akaingia bibi mmoja wa kupimwa gauni, naye hana subira. Rais akamweka Pembe kwenye kilichokuwa karibu, akaenda kupima.

Kilichokuwa karibu ni koti. Koti jeusi la mhudumu wa hoteli aliyepandishwa cheo, limebakiza kifungo cha katikati. Sasa, katika duka lile kazi ilikwenda hivi: mume huchagua kifungo, akakiweka juu ya nguo, mke hukishona. Hakuna kuulizana. Ndivyo walivyofanya kazi tangu waoane, na ndiyo maana walikuwa hawagombani kazini, magomvi waliyaachia nyumbani. Mke akaja, akaona koti, akaona kifungo kizuri kimekaa juu yake. Akakishona. Alasiri mwenye koti akalichukua akaenda zake anapiga mluzi.

Jumapili asubuhi Rais alifungua kopo la Wapiga Pasi kuhesabu kikosi. Akahesabu tena. Akalimimina lote mezani. Akapiga magoti chini ya cherehani.

"Unatafuta nini?" mkewe akauliza.

"Pembe. Kifungo changu cha kahawia. Nilikisugua jana, nikakiweka..." Akageuka kutazama mahali lilipokuwa koti.

"Kile ulichoweka kwenye koti?" Mke akaweka mkono kifuani. "Rais! Mimi nilijua umechagua. Nikasema moyoni, leo mume wangu kafungua mkono, kamtolea mteja kifungo cha maana."

Hakuwa na la kumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akachukua mkasi mdogo, sindano, uzi mweusi na kifungo cha plastiki kilichokaribiana rangi, akavitia mfukoni, akatoka mbio.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya ghorofa, yenye mlango wa kioo wa kuzunguka uliomzungusha Rais mara mbili kabla haujamtema ndani. Akaketi. Kwa kuwa ukiketi pale lazima uagize, akaagiza chai, ikaja na vijiko viwili asivyojua tofauti yake. Mhudumu aliyepandishwa cheo alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kifua mbele, anaelekeza watu kwa kidole kimoja. Na katikati ya tumbo lake, akiwaka chini ya taa, alikuwa Pembe.

Rais alikazia macho tumbo la mtu yule hata akasahau adabu. Mwenye tumbo akaona. Akaja haraka, jasho linamtoka.

"Fundi! Kuna kasoro? Limevutika mgongoni?"

"Hapana, hapana. Nimekuja... nimekuja kukagua kifungo."

"Hiki?" Mhudumu akakishika kwa vidole viwili, kwa upole. "Fundi wangu, sikufichi. Asubuhi nilikuwa natetemeka. Jana tu nilikuwa nabeba sahani na hawa, leo niwaamrishe? Kila nikihisi miguu inalegea nakishika hiki. Kizito, unajua? Kinanituliza. Mwenye hoteli mwenyewe kapita, kaniuliza koti nimeshonewa wapi. Nimekutaja."

Mkono wa Rais ulikuwa mfukoni, umeshika mkasi. Akainama kutazama. Hapo, bahati mbaya, aliyeinama hakuwa Rais wa ligi, alikuwa fundi. Aliona uzi umezungushwa chini ya kifungo ukakipa nafasi ya kupumua, kama mkewe pekee anavyojua kuufanya. Aliona pindo limelala, na tundu limekumbatia kifungo bila kukibana. Kisha akakigusa kile cha plastiki mfukoni, chepesi, cha bei ya chini, na akajua kabisa kwamba katika maisha yake hajawahi kuondoa kifungo kizuri kwenye nguo ya mteja akaweka kibaya. Alitaka sana kuanza leo. Vidole vikakataa.

"Kiko sawa," akasema. "Usikishike sana, uzi utalegea."

Njiani alikuwa na hasira za kupiga teke mawe. Alimkasirikia yule bibi asiye na subira, akayakasirikia matumbo yote ya wahudumu duniani. Alipofika dukani mkewe alikuwa amekwisha kutandaza kitambaa cha kijani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na amechora mistari, imepinda kidogo. Alikuwa amevaa blauzi yake nyekundu, na kifungo cha juu hakipo.

"Huyu je?" akasema, akafungua kiganja. "Mwembamba, lakini ana mbio."

Rais alicheka, hata hasira zikamwishia nusu. Akamweka yule mwekundu mahali pa namba tisa. Hakuwa na karata, kwa hiyo kwa sheria za ligi angefunga kwa sita tu, kama wenzake wote.

Simu ikalia. Akaiegemeza kwenye rili ya uzi, akawasha spika.

"Dogo!" Sauti ya kaka ilijaa dukani. "Umeshaandaa kilio? Kikosi kimekamilika?"

"Kimekamilika," Rais akasema. Na haukuwa uongo, kumi na moja ni kumi na moja. Mkewe akainua nyusi. Rais akajifanya anapanga mabeki.

Mechi ilikuwa ya roho mkononi. Radi walifunga mapema kwa mpira wa adhabu, na kaka akapiga honi ya lori mara tatu huko aliko. Wapiga Pasi wakasawazisha kupitia beki wa jinzi ambaye hajawahi kufunga maishani mwake, na mke wa Rais, aliyekuwa amesema ataketi dakika mbili tu, akaruka hata kiti kikaanguka.

"Huyo nani anapiga kelele?" kaka akauliza.

"Mashabiki," akasema Rais.

Ikabaki shambulio moja. Sare ya bao moja kwa moja, yaani ubingwa wa Radi. Dadu ya kwanza ikasema mpira umemfikia namba tisa. Rais akampa mkewe dadu ya pili, maana mchezaji ni wake. Mke akaipulizia, akairusha. Ikadunda, ikagonga mkasi, ikazunguka, ikalala.

"Ngapi?" kaka akauliza.

Rais aliitazama. "Tano."

"Tano, namba tisa?" Upande wa pili kikasikika kicheko kikubwa cha mtu aliyeshindwa. "Pembe! Pembe huyo! Basi, Dogo, umenipata. Umeuchukua. Miaka yote hii! Hongera, mdogo wangu, hongera sana. Baba angekuona."

Rais alikuwa hajawahi kuupata ubingwa, na sasa ulikuwa mezani, umeletwa na mshindani mwenyewe, kwa furaha. Hakutakiwa kusema neno. Alitakiwa kunyamaza tu. Akamtazama mkewe, naye mkewe akatazama kwingine, akamwachia mwenyewe. Alitamani kulia kwa jinsi alivyoutaka.

"Kaka," akasema. "Si Pembe. Ni mwingine. Imegonga mwamba."

"Mwingine nani? Pembe yuko wapi?"

Akamweleza yote: mafuta, bibi wa gauni, koti, hoteli, mkasi uliobaki mfukoni. Alieleza haraka haraka, akitarajia kuchekwa. Kwenye simu ikasikika injini ya lori ikizimwa.

"Kimeshonwa kwenye koti," kaka akasema mwishowe. Sauti ilikuwa imebadilika. "Kile cha Baba. Na kimekaa?"

"Kimekaa, Kaka. Kimekaa vizuri mno. Shemeji yako kakishona. Yule bwana hakiachi, anakishika kila akiogopa."

"Karata yake unayo?"

"Ninayo hapa."

"Hebu isome."

Rais akaishika karata kuukuu, kingo zimelainika. "Pembe. Mshambuliaji. Wapiga Pasi. Anafunga kwa tano na sita."

"Sasa andika chini yake," kaka akasema. "Mchezaji haondoki hivihivi bila maelezo. Wewe ni Rais, andika."

"Niandike nini? Ameuzwa? Amestaafu?"

"We Dogo, umesahau? Baba alikuwa anauliza nini kila siku pale mlangoni?"

Rais hakuwa amesahau. Akachukua chaki ya fundi, kwa sababu kalamu hakuiona na macho yalikuwa hayamsaidii, akaandika chini ya karata kwa herufi kubwa: AMEPATA KAZI.