Mkono wa Baba Mkwe Uliobaki Kwenye Bakora

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata homa haiwezi kunisahaulisha: siku mkono wa baba mkwe wangu uliporefuka kama bablishi iliyotafunwa mbele ya wazee wa posa.

Wakati huo nywele zangu zilikuwa nyeusi na kichwa changu kigumu. Nilikuwa najifunza animesheni kule Kinondoni kwa Bi Tatu, mama mpole wa sura, lakini ulimi wake ungeweza kukatia nyama. Alitufundisha njia mbili za kuuchezesha mkono wa mtu wa katuni. Moja tuliiita FK: unazungusha bega, kiwiko kinafuata, kiganja kinakuja mwisho, kama mtu anayepunga. Nyingine tuliiita IK: unakiweka kiganja mahali pake, na kompyuta yenyewe inatafuta kiwiko kikunjwe vipi. "Mkono ulio huru anzia begani," alisema. "Mkono ulioshika kitu anzia kiganjani." Mie nikaona ya nini kuhangaika? Mchagua jembe si mkulima. Nikafunga ndoa na IK.

Ndoa ya kweli niliitaka kwa Mwanaidi, binti wa Mzee Sudi wa Vingunguti. Kwa desturi mposaji habebi posa yake mwenyewe, lakini mzee alisikia kwamba nachezea vikatuni, akaagiza nije na wazee wangu nimwonyeshe hiyo kazi. Nami kwa kujipendekeza nikamtengeneza yeye mwenyewe, na kanzu yake, ndevu zake nyeupe na bakora. Anainuka kitini akiegemea bakora, anatembea hadi mlangoni, anawapungia wageni. Kwa haraka zangu niliitazama mpaka pale anapoinuka tu.

Siku ya posa nikaifungua kompyuta sebuleni kwa mzee. Kuinuka aliinuka vizuri, wazee wakasema mashaallah. Kisha akaanza kutembea. Mwili ukaenda mlangoni. Kiganja nilichokifunga kwenye bakora kikabaki nayo kando ya kiti, na mkono ukawa unarefuka tu, unarefuka tu. Mjomba wangu, msemaji wa posa, akakohoa wala hana kifua. Mzee Sudi akautazama mkono wake wa kweli, kisha akanitazama mimi.

"Kijana, mie nimekukosea nini?"

"Hapana mzee, hii ni ishu ya kompyuta tu."

"Kwani kompyuta ndo inayoposa?"

Nyuma ya pazia Mwanaidi akaangua kicheko, mama yake akamnyamazisha huku naye anacheka. Mzee hakucheka. Alisema posa irudi nyumbani. Ataipokea mkono wake ukirudishwa ulikotoka. Niliogopa sana, mwanangu. Nilimpenda binti yule, na kulikuwa na muuza vipuri mmoja aliyekuwa anasubiri nikosee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mie nilivunja mkono, tena wa mkwe.

Nilipomsimulia, Bi Tatu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, halafu akanibadilikia. "Wewe unatibu kila maradhi kwa dawa ya minyoo! Anapoegemea, kiganja kikae, mwili ufuate. Akiinua bakora, kiachie, bega liongoze. Na hapo pa kubadilisha pafanye polepole, la sivyo mkono utaruka kama umepigwa na umeme."

Nikakaa nikarekebisha, nikaitazama mpaka mwisho, tukarudi Vingunguti. Mzee Sudi aliketi amekunja uso. Babu wa katuni akaegemea, akainuka, akainua bakora, akatembea. Mlangoni akageuka: bega likapanda, kiwiko kikafuata, kiganja kikaja taratibu, akapunga. Mzee Sudi naye akanyanyua mkono, akaitikia kwa sauti, "Waalaikum salaam, karibu ndani!"

Alipogundua anamkaribisha nani, alitutazama mmoja mmoja aone nani atathubutu kucheka. "Haya," akasema, "leteni kahawa. Posa tumeipokea."

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Zijue njia zote mbili, na ujue ipi ni ya wapi. Penye kushika, shika, nawe ukubali kujikunja. Hata ndoa inataka hivyo. Penye kuachia, achia mapema, tena polepole. Na kazi yako itazame yote kabla hujaipeleka kwa wakwe. Mungu aibariki mikono yako, akujaalie wakwe wenye subira, na kila utakachokinyanyua kinyanyuke salama. Amina.