Kombe letu eti la mazoezi!

Leo nimeacha fufu, ugali wetu wa muhogo, mezani kwa hasira, na mnajua mimi siachi fufu.

Jana sisi timu ya Louisville, hapa Marekani, tuliwapiga Buffalo, tukabeba kombe la kabla ya ligi. Bao langu, msijifanye hamkuliona.

Leo baada ya ibada, yaya Bahati, kaka yetu aliyekuja toka Australia, anaeleza wazee: "Kule kombe kama hili lilikuwepo miaka mingi. Wakalifuta. Lilikuwa mazoezi tu."

Bon, kapteni wa timu ya Columbus, mgeni wetu leo kanisani, akadakia: "Basi na hili tuhesabu mazoezi!"

Wee! Mwaka jana mlipolichukua nyinyi, si tuliwachinjia mbuzi? Si pasta aliliombea mbele ya kanisa?

Mazoezi gani yanaombewa? Semeni!

Donc, kombe liko mtaani kwetu Newburg, juu ya friji ya mama. Anayetaka lifutwe, kwanza arudishe mbuzi wetu.