Ndevu za Eilert na Sabuni Isiyobakiza Kitu

Katika visiwa vyetu vya kaskazini mwa Norwe, mtu huheshimiwa kwa mashua yake, kwa kahawa yake, au kwa bata wake. Mashua ya Eilert Rørskar ilivuja, na kahawa yake ilikuwa chungu kama shubiri, lakini bata alikuwa nao. Kila baridi ilipolegea, bata bahari walitoka majini wakapanda kwake kutaga, katika vijumba vya mawe na mbao alivyowajengea. Mmoja tu, jike la makamo aliyempa jina la Mama Mkwe, hakutaka kijumba. Huyo aliingia jikoni bila hodi, akataga chini ya benchi, na kumtazama Eilert kwa jicho lile lile alilotazamwa nalo na mama mkwe wa kweli siku ya posa.

Bata hawa wana masharti kuliko mganga. Wakishalalia mayai, kisiwani hapapigwi kelele, hapaanikwi nguo, wala mtu havai nguo mpya. Wanamjua mtunzaji wao, na akibadilika wanahama wasirudi. Kwa hiyo Oddlaug, mkewe Eilert, aliyekuwa mtunzaji hasa, alipofariki, Eilert alilivaa sweta lake. Lilimbana kifuani na mikono yake iliishia viwikoni, na tangu msiba lilikuwa halijaguswa na maji. Watu walisema mzee anawadanganya bata. Ni kweli, ila alikuwa akijidanganya na yeye pia, kwa maana kufikia mwaka wa kisa hiki harufu ya Oddlaug ilikuwa imebaki kolani tu, na kila asubuhi aliitafuta kabla hajabandika maji ya kahawa.

Wiki chache kabla ya bata kurudi, akaja Sunniva, mtafiti kutoka mjini, na ndoo ya mafuta ghafi na chupa ya sabuni. Alikuwa ametafuta kwa miaka sabuni ya kuwaoshea ndege meli zinapomwaga mafuta baharini.

"Sheria hairuhusu nimpake ndege mafuta," alisema. "Na manyoya ya ndege waliokufa nimeyaosha mpaka nimechoka. Nataka manyoya yaliyo hai, yenye mwenyewe wa kuhangaika."

Torfinn, jirani aliyekuja kila siku kunywa kahawa ile na kuilaani, akamtazama Eilert kidevuni. Sunniva naye akatazama. Ndevu za Eilert zilishuka mpaka kifuani.

"Msinitazame hivyo," Eilert alisema.

"Wewe si mnyama, ndugu yangu, sheria haikuhusu," Torfinn akamwambia. "Ingawa marehemu Oddlaug alikuwa na shaka."

Eilert angekataa, lakini alikumbuka mwaka ambao meli ya mafuta ilipasuka karibu na kisiwa. Yeye na Oddlaug waliwaosha bata pale pale jikoni kwa sabuni ya vyombo. Mafuta ya meli yalitoka, na yakatoka pia yale mafuta ya asili yanayomkinga bata asilowe. Waliwarudisha majini wakiwa wanang'aa, wakazama mbele ya macho yao. Oddlaug hakula siku ile. Eilert akalivua sweta, akalitundika msumarini karibu na jiko, akajifunga blanketi na kukaa.

"Ukiwa bata, husemi," Sunniva alimwonya, akimpaka mafuta ndevu zote.

"Hata nikiwashwa?"

"Bata akiwashwa husemaje?"

Eilert akafikiri kidogo. "Auu," akasema. Torfinn kahawa ikampalia.

"Sasa uogope," Sunniva alimwamuru. "Bata wa kweli hakai hivyo kama anayengoja ibada ianze."

Huku kwetu mtu akishakubali kazi ya watu, huifanya mpaka ukomo wake, hata ikiwa ya kipumbavu. Eilert akaruka. Akalipigapiga blanketi kama mabawa, akaukimbilia mlango, auu, auu, ndevu zikichuruzika. Torfinn, aliyekabidhiwa kazi ya kumkamata, naye ni mtu wa huku huku, akamdaka kiunoni kwa moyo wake wote. Wazee wawili wakazunguka jikoni kama wanacheza harusini, mguu wa mmoja ukaipiga teke ndoo, na mafuta yakaruka mpaka ukutani.

"Msisogee," Sunniva alinong'ona. Macho yalikuwa yakimng'aa kwa furaha. "Maisha yangu yote nimemwaga mafuta kwa kibali. Hakuna aliyewahi kunipa ajali." Akapiga magoti, akaanza kupima dimbwi lilivyotambaa. Kisha akamwona Eilert usoni, akageuka kutazama alikotazama yeye. Sweta la Oddlaug lilikuwa jeusi upande mzima, kuanzia kola hadi pindo.

Kwanza walizimaliza ndevu, kwa kuwa bata haachwi katikati. Sabuni ilifanya kazi kupita ndoto za Sunniva. Ndevu zilitoka nyeupe, laini, zimefura, wala hazikunukia chochote, na Eilert alifanana na askofu aliyepotea njia.

"Hiyo sabuni," Eilert aliuliza, "inaondoa nini?"

"Kila kitu."

"Hata mtu?"

Sunniva akaiweka chupa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama kama kitu kibaya. "Hata mtu," alisema.

"Basi bata watahama," Torfinn alisema, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Sweta lenye mafuta litamuua Mama Mkwe, na sweta lililooshwa hatalijua."

Sunniva aliuma ukucha. Mwishowe akauliza kama kuna manyoya laini ya bata ndani ya nyumba, yale ya matandiko ya vifaranga, maana hunywa mafuta bila maji wala sabuni. Eilert aliinuka. Akaenda chumbani, akarudi na gunia. Humo mlikuwa na manyoya ambayo Oddlaug aliyaokota viotani msimu baada ya msimu, akayasafisha kwa vidole, ya kujazia duveti, lile blanketi nene la manyoya, la wawili. Yalikuwa yamebaki kidogo tu kutimia.

Wakakaa watatu sakafuni, wakakandamiza na kuinua, wakakandamiza na kuinua. Kila tonge lilitoka jeusi likatupwa. Gunia likaisha. Lile waa likabaki kivuli, na Sunniva alipopitisha karatasi nyeupe haikushika kitu. Eilert akaichukua kola, akaingiza pua, akakaa hivyo muda mrefu.

"Sijui," akasema. Aliogopa, wala hakuficha.

Asubuhi ya safari, Sunniva alimpa mkono. "Narudi mjini kuiharibu kidogo," alisema, akiionyesha chupa. "Imekuwa nzuri mno."

Bata walirudi siku ya upepo mkali. Torfinn alijibanza nje ya dirisha. Eilert alilala chali sakafuni kando ya benchi, ndani ya sweta lile, maana alihofia kwamba akisimama na ndevu zile za kiaskofu angemtisha hata mchungaji. Mama Mkwe akafika kizingitini. Akasimama. Akazitazama ndevu kwa jicho la siku ya posa, akageuza kichwa kama anayeondoka, na Eilert akasahau kupumua.

Kisha akaingia. Akamkanyaga tumboni, akapanda mpaka kwenye kola, akatuliza kichwa hapo kitambo. Halafu akazishika ndevu kwa mdomo, akanyofoa fungu moja, akalipeleka chini ya benchi kutandika kiota. Akarudi kuchukua jingine. Machozi yalimtoka Eilert, ya uchungu wa kidevu na ya mengine, lakini hakutikisika.

"Amekujua?" Torfinn alinong'ona dirishani.

"Amemjua Oddlaug."

"Na wewe je?"

Mama Mkwe alikuwa akirudi kwa fungu la tatu. "Mimi ni nyasi," Eilert alisema. "Nyamaza, asije akaacha."