Maneno Aliyoitwa Eliza

Katika shule yetu ya sekondari pale Ujiji, Ijumaa ilinukia dawa ya choo. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa Kibirizi, lakini dawa ile iliishinda. Nilikuwa kidato cha kwanza, na sheria ya mwalimu wetu wa Kiingereza ilikuwa nyepesi kuieleza: ukisikika unasema Kiswahili au Kiha, unavishwa kibao shingoni, na hukivui mpaka umnase mwenzako akivae yeye. Atakayekutwa nacho Ijumaa mchana anabaki kusugua vyoo wengine wakienda nyumbani. Basi tukawa wawindaji. Tulitegana kwa maswali, tukakanyagana vidole makusudi ili mtu apige yowe la kwao. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu tulikaa nacho dawati moja.

Rafiki yangu Eliza alikivaa Jumatatu moja kwa kumwamkia mpishi shikamoo. Kwao ni Simbo. Mjini alikaa kwa shangazi yake, na Ijumaa ndiyo siku aliyokwenda kumwona mama yake, aliyekuwa mgonjwa, hatoki ndani. Gari la Simbo halikumngoja mtu. Nilijua atakivua upesi. Siku hiyohiyo nikajigonga goti kwenye dawati, nikalia kwa Kiha mbele yake. Akanitazama, akaendelea kuchonga penseli.

"Si umenisikia?" nikamnong'oneza.

"Nimekusikia bwana. Sikupi."

Ijumaa akasugua vyoo, gari likaondoka. Ijumaa ya pili vilevile, na safari hii alisugua huku analia. Mwalimu alichukia, maana kibao kisichotembea hakimtishi mtu, na darasa zima tulikuwa tukibwabwaja Kiswahili kama tuko sokoni. Hasira yake ndiyo iliyotufundisha Kiingereza. Kwanza alimwita "stubborn", yaani mkaidi. Kisha "difficult", mtu mgumu. Neno la tatu likawa refu kuliko yote, "uncooperative", asiyetoa ushirikiano. Akaliandika ubaoni, tukalinakili. Mimi nililipenda mno. Nililitamka njia nzima hadi nyumbani Buzebazeba, nikitamani siku moja niitwe hivyo.

Ijumaa ya tatu, kengele ilipolia, nilichukua ndoo na fagio. Nyuma yangu wakaja wengine, bila kupangana, na vyoo vikaisha upesi mpaka mwalimu mwenyewe akasahau sheria yake, akafoka kwa Kiswahili safi, "Nani kawaruhusu?" Eliza akamkabidhi kibao, akalikimbilia gari. Usiku ule alilala kwa mama yake. Jumatatu kibao hakikuonekana tena.

Leo Kiingereza nakitumia kazini bila hofu, na vyoo vya shule ile vimewekwa vigae. Mwanangu anasoma shule isiyo na kibao. Wana kiranja tu, anayepelekewa majina ya waliosema Kiswahili. Juzi aliniuliza, "Mama, nisipomtaja mwenzangu, mwalimu si ataniona mkorofi?"

"Atakuona hivyo, mwanangu," nikamwambia. "Nenda ukaonekane."