Mama "alisoma" Biblia jukwaani, akaacha matone ya macho

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira ila chumvi sijaongeza. Nikidanganya, mods wanilime ban.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto, mama yangu anaishi Mlalo. Ana presha ya macho, hospitali wakampa matone ya kila siku. Daktari alimwambia wazi: dawa hii hairudishi uono uliopotea, inalinda uliobaki.

Mama alikuwa anaitumia vizuri kabisa.

Akaja "mtumishi" mmoja kufanya mkutano wa injili kiwanja cha mpira. Majirani wakampeleka mama. Jamaa akamwekea mikono, akampa Biblia mbele ya umati: "Mama, soma!"

Sasa sikilizeni. Mama ni Mlutheri wa zamani, wale waliochapwa wakikosea mstari kwenye mafundisho ya kipaimara. Zaburi anazo kichwani kuliko namba yake ya simu. Akafungua popote, herufi hata hazioni, akatiririka zaburi nzima ya kichwani bila kukwama.

Uwanja ukalipuka. Watu wanalia, wanarusha kanga juu.

Baadaye sana, mambo yakiwa yameshaharibika, nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli. Akanijibu, "Mwanangu, watu wote wale wananitazama mimi, ningesemaje kwamba Mungu ameshindwa?"

Inauma sana.

Mtumishi akatangaza kuwa kuendelea na dawa ni kumtukana Mungu. Mama akaacha. Kina mama wa maombi wakawa wanapita kwake kila jioni, eti asirudi nyuma. Mimi niko Muheza nahangaika na biashara ya machungwa, kwenye simu ananiambia yuko salama, Bwana ametenda.

Nilipopanda kumsalimia baada ya miezi kadhaa nikamkuta anapapasa ukuta akitafuta mlango wa jikoni. Nyumba aliyoishi tangu aolewe!

Nikamkimbiza hospitali. Jicho moja limekwisha, la pili linaambulia mwanga tu. Hakuna cha kurudisha.

Nikamfuata jirani aliyempeleka mkutanoni. Nikaanza na shikamoo kama nilivyolelewa. Akaitikia, kisha bila hata aibu: "Mama yako alipungukiwa imani."

Mtu ameacha dawa kwa ajili ya imani, halafu mnamwambia hana imani? Nyie ni watu kweli?

Kabla hamjanirukia: naamini Mungu anaponya. Mchungaji wetu anamwombea mgonjwa, akisema amina anamuuliza, "Dawa umetumia leo?" Hajawahi kuona kama vinagombana.

Nilichojifunza: mgonjwa wako akishuhudia kapona, mshangilie, halafu mpeleke akapimwe. Kama ni Mungu kweli, kipimo hakimtishi. Anayekukataza kipimo anajilinda yeye, hamlindi Mungu.

Yule mtumishi ameshahamia mji mwingine, mabango yake yako barabarani.

Na jana mama kanishika mkono, kaniomba nimwombee msamaha kwa Mungu, eti amemwaibisha.

Yeye ndiye anaomba msamaha!

Wakuu, mimi nimeshindwa. Mwenye neno la kumwambia mama aliandike hapa chini, nitamsomea.