Samaki Akiwa Kwake

Siku ile naikumbuka kwanza kwa pua, mwanangu, halafu ndiyo kwa akili. Maji ya bwawa yenye dawa yalinipanda puani, yakanichoma mpaka nyuma ya macho, nikatupa kila kitu na kukimbilia juu nikikohoa kama mtu aliyepaliwa na chai. Mwalimu Mushi aliibuka taratibu ubavuni mwangu, akavua miwani yake, akanitazama. Ilikuwa mara ya tatu nashindwa zoezi lilelile. Wenzangu wawili nilioanza nao walikwisha kulipita, wakawa wamekaa ukingoni wakinywa soda na kujifanya hawanioni.

Zoezi lenyewe ukilisikia utacheka. Unapiga magoti chini ya bwawa, mtungi wa hewa mgongoni, mpira wa kupumulia mdomoni. Unavua ile miwani kubwa inayofunika macho na pua. Maji yanakujaa usoni. Unatulia, unaendelea kupumua kwa mdomo, kisha unaivaa tena na kupuliza kwa pua mpaka maji yatoke. Basi, hakuna zaidi. Lakini asiyelipita hapelekwi baharini, maana huko chini miwani inaweza kukuvuka wakati wowote, na mtu anayekurupuka kutoka kwenye kina huku amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu. Mwalimu Mushi hakuwa na mzaha na hilo. Alikuwa mtu wa Moshi, na sie wa pwani tulimtania kwamba ameteremka mlimani kuja kutufundisha bahari yetu. Yeye anacheka, halafu anakurudisha chini.

Mie nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilikuwa na sababu. Baba yangu, Mzee Salim, alikuwa na studio ya picha Temeke. Ukoo wetu ni wa Kiarabu, watu wa maduka ya vitambaa tangu babu wa babu, lakini yeye vitambaa vilimchosha akachagua kamera. Maharusi wa Temeke wamekaa mbele yake, watoto wa Idi na nguo zao mpya, vijana wa picha za pasipoti, hata wazee waliojua kwamba hiyo ndiyo picha yao ya mwisho na wakasema hivyo huku wakicheka. Mwaka ule macho yake yalikuwa yanakwisha. Presha ya macho. Daktari alimwambia waziwazi kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda polepole. Baba alirudi nyumbani, akala, akaswali, akaniita.

"Rukia," alisema, "mie nimepiga picha kila chenye sura hapa Temeke. Lakini samaki sijamwona."

Mama yangu alikuwa jikoni, na masikio yake hayakuwa na presha. "Na huyo uliyemla mchana je?"

"Yule kalala ubavu, kakaangwa," Baba akamjibu. "Samaki wote tunaowajua sie wamelala ubavu. Nataka nimwone akiwa kwake, wima, ana shughuli zake. Nimwone kabla macho haya hayajafunga duka."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, msaidizi wake pale studio. Sikuwa najua kuogelea zaidi ya kule kurukaruka kwa watoto pale maji yanapoishia magotini. Nikamwambia, "Baba, nitakuletea." Nilisema hivyo kabla sijafikiri, na nikishasema jambo mbele ya Baba sirudi nyuma. Ndivyo nilivyo mpaka leo, muulize yeyote hapa mtaani.

Kule Kunduchi kulikuwa na watu wachache waliokuwa wakipeleka wageni kuzamia, na filamu zao za picha za chini ya bahari walikuwa wakizileta kwetu kusafisha. Mwalimu Mushi ndiye aliyekuwa akizileta. Tukapatana kwamba sie tutasafisha, na yeye atanifundisha. Mama alipinga kwa hoja ya nguo. Nikamletea lile vazi la mpira alione kwa macho yake, limefunika kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Aliligeuza mbele na nyuma, akahamia kwenye hoja ya papa.

Basi siku ile niliyoshindwa mara ya tatu, Mwalimu Mushi alinikalisha kando.

"Dada, safari ya kisiwa cha Mbudya ni wiki mbili zijazo. Hujapita, sikuchukui."

"Mwalimu, baba yangu..."

"Habari za mzee ninazo, na namwonea huruma. Lakini maji hayamjui mzee. Ukikurupuka huko chini nitamrudishia maiti. Ndicho anachotaka kukiona?"

Nilimchukia, mwanangu. Nilipanda magari mawili kurudi Temeke nikimchukia njia nzima. Nilimwona mtu katili asiyejua kwamba kila wiki inayopita Baba anaona kidogo kuliko wiki iliyotangulia. Na ubaya wa mtu anayesema kweli ni kwamba huna pa kumshtakia.

Jioni ile sikula. Nilichukua beseni kubwa la kufulia, nikalijaza maji uani, nikaweka mrija wa kupumulia mdomoni na kutumbukiza uso bila miwani. Maji yaligusa pua tu, nikaruka. Nikarudi tena, nikaruka. Jirani yetu akachungulia juu ya ukuta akauliza kama binti wa studio ameanza kunywa maji ya kufulia. Nikamjibu vibaya, jibu ambalo sitalirudia mbele yako. Nikarudi tena nikaruka, safari hii nikalipiga beseni teke, maji yakamwagika uani kote.

Baba alitoka ndani akiwa amepitisha mkono ukutani. Nilidhani anafanya hivyo kwa sababu ya utelezi.

"Humo ndani ya maji unaona nini?" akaniuliza.

"Sioni kitu, Baba. Ukungu tu. Vivuli."

Akanigeuzia uso. "Basi ndivyo ninavyokuona wewe sasa hivi."

Sikuwa najua kwamba yamefika huko. Alikuwa anatuficha. Alikuwa anahesabu hatua za nyumba yake mwenyewe na kutuachia sie tuamini kwamba bado anaona. Nililia palepale nimekaa kwenye maji machafu, nililia kwa sauti kama mtoto, na wala sioni haya kukuambia.

Baba hakunibembeleza. Hakuwa mtu wa kubembeleza. "Futa machozi," alisema. "Wewe unagombana na ukungu. Unataka kuona kwa nguvu mahali ambapo hakuna kuona, ndiyo maana unaruka. Njoo huku."

Alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba cha giza cha studio, kile tulichokuwa tunasafishia filamu. Akafunga mlango. Wewe umezaliwa zama za simu, hukijui chumba hicho. Filamu ikipigwa hata na mwanga wa tundu la ufunguo imeharibika, kwa hiyo unaitoa kwenye mkebe wake na kuivingirisha kwenye gurudumu dogo gizani kabisa, kwa vidole. Nilianza kazi hiyo nikiwa darasa la tano.

Akanipa filamu mbovu mkononi. "Vingirisha."

Nikavingirisha.

"Umeona chochote?"

"Sijaona."

"Umepiga kelele?"

"Nipige kelele za nini, Baba?"

"Kwa nini hukupiga?"

Nikafikiri. "Kwa sababu najua kila kitu kiko wapi."

"Haya," akasema, na akafungua mlango.

Tulirudi uani. Alijaza beseni yeye mwenyewe, akavuta kigoda akakaa, akaweka mkono wake begani kwangu. Akanifundisha miwani ile kwa vidole kama alivyonifundisha filamu, kioo kiko wapi, ukanda unaanzia wapi, pua inakaa wapi. Nikatumbukiza uso. Nikaruka. Sikusikia pole wala taratibu. Nilisikia neno moja tu, "Tena." Nikarudi. Nikaruka. "Tena." Maji yaliponiingia puani nilikohoa mpaka nikatapika, naye akangoja nimalize. "Tena." Kila siku baada ya swala ya alasiri ndiyo ilikuwa kazi yetu, wateja wakija wanamkuta mpiga picha amekaa uani anamzamisha binti yake kwenye beseni. Mama alisema watatupeleka polisi. Lakini siku moja nilitumbukiza uso, maji yakanijaa puani, na nikagundua kwamba ninafikiria nikapike nini usiku. Woga ulikuwepo bado, ila ulikuwa umekaa pembeni, haunishiki mkono.

Nilirudi Kunduchi. Nikapiga magoti chini ya bwawa nikavua miwani. Dunia ikawa ukungu, nikauacha uwe ukungu. Vidole vikatafuta ukanda, vikauona. Nikavaa, nikapuliza. Mwalimu Mushi alinitazama, kisha mtu yule wa mlimani akanyoosha mkono akaning'oa miwani kwa ghafla. Nikaivaa tena, nikapuliza tena. Mapovu yaliyomtoka yalinionyesha kwamba anacheka.

Mbudya nilikwenda. Nilipewa kamera ya majini na filamu moja tu, na filamu ikiishia chini huwezi kuifungua kubadilisha. Nyie mnatumbukiza simu mnapiga picha mia mnafuta tisini, Mungu amewajalia. Mie nilimfukuza kila samaki niliyemwona, na kila nilipobonyeza alikuwa ameshageuka. Mikia, mwanangu. Nilikwenda mpaka chini ya bahari nikapiga picha za mikia. Filamu ilipokaribia kuisha nililala kimya juu ya mchanga, nimechoka, mbele ya pango dogo la mwamba. Ndani yake kulikuwa na chewa. Alikuja mpaka mlangoni kwake akasimama, midomo minene, ananikagua kama mwenye nyumba aliyebishiwa hodi na mtu asiyemjua.

Nikainua kamera, na hapohapo mzamiaji mwenzangu akageuka nyuma yangu na kunipiga kichwani kwa pezi la mguu. Miwani ikavuka. Maji yakajaa. Chewa akawa kivuli. Nitakuambia ukweli, moyo ulinipiga na miguu ikataka kukimbilia juu. Nikasikia "Tena." Ukanda, kioo, pua. Nikapuliza. Macho yaliposafika, chewa alikuwa palepale, ananishangaa. Nikabonyeza.

Filamu ile Baba alikataa mtu mwingine asiiguse. Aliingia nayo gizani, nami nyuma yake, akaivingirisha mwenyewe, na mle ndani hakuna aliyeona zaidi ya mwenzake. Picha ilipokauka niliikuza kubwa kiasi cha kanga iliyokunjwa, nikampelekea dirishani asubuhi jua lilipokuwa kali. Akachukua kioo cha kukuzia, akaisogeza puani, akaanza kuipitia kipande kwa kipande. Alikaa nayo muda mrefu sana. Nilikuwa naogopa kumuuliza, na Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, chakula kinaungua.

"Kumbe ana uso," Baba akasema.

Akaendelea kusogeza kioo. "Ana kovu kwenye mdomo wa chini. Huyu amepigana. Na hajafurahi kutembelewa. Amenuna kama mama yako."

"Nimekusikia," Mama akasema.

Baba akaweka kioo chini. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Rukia, huyu nitakaa naye," akasema.

Na alikaa naye. Kabla ya Ramadhani iliyofuata macho yalikuwa yamefunga kabisa, lakini aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mgeni aliyeingia kwetu alisimuliwa chewa yule, kovu, midomo, lile jicho la kushoto lililotazama pembeni kidogo, bila picha mkononi. Hakukosea hata kitu kimoja. Siku tunamzika, mzee mmoja wa msikitini alinivuta pembeni akaniambia kwamba wiki moja kabla, marehemu alimwelezea samaki fulani, na kwamba hajawahi kumsikia kipofu akizungumza kama mtu anayetazama.

Sasa nisikilize. Zoezi dogo likikushinda, usilidharau na usilikimbie, maana ndilo lililokaa mlangoni pa jambo kubwa unalolitaka. Usingoje woga uondoke ndipo uanze. Anza nao, woga wenyewe utachoka kukufuata. Mahali ambapo huoni, acha kulazimisha kuona, jifunze vitu viko wapi kwa mikono yako. Anayekukatalia kwa sababu hujawa tayari, mchukie njia nzima ukitaka, lakini kesho yake rudi kwake ukiwa tayari. Na kama kuna mtu umemwahidi kitu, na mtu huyo muda wake unakwisha, usimpe pole. Mpelekee ulichomwahidi angali anaweza kukiona. Mie binti wa Mzee Salim nakuambia hivyo, na nikisema sirudi nyuma.

Mwenyezi Mungu akupe kifua kipana na mkono usiotetemeka. Akulinde juu ya maji na chini yake. Akupe wazee wa kukuambia "tena" na asikunyime masikio ya kuwasikia. Na siku utakapowapelekea wazazi wako matunda ya kazi yako, akuwahishe. Amina, mwanangu. Akuwahishe.